Sista, Naomba Kuuliza: Barua za Moyo

Barua za mwezi huu karibu zote ni za moyo, na nyingi zimeandikwa na wanaouguza kuliko wanaougua. Nimefurahi sana. Daktari anamwona mgonjwa wa moyo dakika chache kwa mwezi, pengine mara moja kwa miezi mitatu. Siku nyingine zote ugonjwa uko nyumbani kwenu: jikoni, kitandani, kwenye mfuko wa dawa unaoning'inia ukutani. Barua ndefu nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo Sista. Baba yangu ana miaka 58, tunaishi Kilosa. Mwaka huu amelazwa mara mbili, wanasema moyo umetanuka kwa sababu ya presha ya muda mrefu. Akitoka hospitali anakuwa mzima, lakini haupiti mwezi miguu inajaa, usiku anakohoa na analala ameketi. Dawa anazo zote. Ila ile ya kukojoa haimezi siku ya gulio wala Ijumaa, anasema inamwaibisha mbele za watu. Mama anasema dawa za hospitali ndizo zinazomjaza maji. Tufanyeje?

Marahaba, mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe: siku ya gulio na Ijumaa. Kila wiki kuna siku mbili ambazo baba hatoi maji, na moyo wake hauna tena nguvu ya kuvumilia hata hizo mbili.

Nianze na mama, maana yeye asipoelewa hakuna kitakachosimama hapo nyumbani. Presha ikikaa juu miaka mingi, msuli wa moyo unasukuma damu kwa kukazana, unakuwa mnene, halafu unachoka na kutanuka. Damu inayofika kwenye figo inapungua. Figo zinachukulia kwamba mwili umekaukiwa, kwa hiyo zinazuia chumvi na maji visitoke. Mchana maji hayo yanashuka miguuni. Baba akilala chali yanarudi kifuani, ndiyo maana anakohoa na kutafuta mito. Mweleze mama kwamba wodini miguu ilikauka kwa dawa hizihizi anazozishuku. Tofauti ni kwamba kule alipewa kila siku bila kuruka, na chumvi ilipunguzwa.

Wala msidhani ni ugonjwa wa wazee sana. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012, uliofanyika katika nchi 9 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta wagonjwa waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi wana umri wa wastani wa miaka 52, na chanzo kikubwa kikiwa presha. Ni watu wenye ada za shule za kulipa. Ni baba yako hasa.

Sasa aibu ya baba. Naiheshimu aibu hiyo, nawe usimcheke wala kumgombeza. Mtu mzima kukatiza kikao kutafuta choo kila nusu saa ni jambo zito. Furosemaidi, ambayo wengi mnaiita Lasix, inaanza kufanya kazi ndani ya saa moja na nguvu yake inakwisha baada ya saa 6 hivi. Kama anameza mara moja kwa siku, si lazima iwe alfajiri. Ijumaa ameze akishatoka msikitini. Siku ya gulio ameze akirudi nyumbani, mradi isipite saa 10 jioni, la sivyo atakesha akienda msalani. Kusogeza saa kunawezekana, kuruka siku hapana. Kama ameandikiwa mara mbili kwa siku, mpangilio huo mkaupange na muuguzi wa kliniki yenu, naye auandike kwenye daftari la baba.

Jambo la pili ni mizani. Baba apime uzito kila asubuhi, akishakojoa, kabla ya chai, akiwa na kikoi kilekile. Andikeni kwenye daftari. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, maji yanarudi hata kama miguu bado haijavimba. Siku hiyo ndiyo ya kwenda hospitali, msingoje tarehe ya kliniki. Kwa kwenda mapema namna hiyo mara nyingi dawa inaongezwa na mtu anarudi kulala kwake. Mkichelewa, ni kulazwa tena na mtungi wa oksijeni.

Mizani hamna? Mpelekeni akapimwe zahanati mara mbili kwa wiki, na nyumbani wewe utumie kidole. Kila jioni saa ileile, bonyeza kwa gumba juu ya mfupa wa ugoko, juu kidogo ya kifundo. Hesabu taratibu mpaka tano, kisha achia. Pakibaki shimo, panda juu kidogo ubonyeze tena, hadi uone linaishia wapi: kifundoni, katikati ya ugoko, au gotini. Liandike. Andika pia idadi ya mito anayolalia. Nikiletewa daftari lenye mambo hayo mawili, najua zaidi kuhusu mgonjwa wangu kuliko ninavyojua kwa kumtazama pale amekaa kwenye benchi.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kisichofurika, na hapo ni pamoja na ile iliyokwisha kuingia ndani ya vyakula. Nayajua majiko ya kwetu. Chumvi ya baba haiko kwenye kikopo tu. Iko kwenye ng'onda na samaki wakavu wa chumvi, kwenye vile vidonge vya kiungo cha mchuzi, kwenye mkate, kwenye karanga za kukaanga. Na iko kwenye magadi. Akina mama wengi hushtuka nikiwaambia kwamba magadi yanayolainisha maharage yana madini yaleyale ya chumvi yanayozuia maji mwilini. Lowekeni maharage usiku kucha, yapikeni bila magadi, tieni kitunguu saumu, tangawizi, bizari, pilipili na ndimu. Sufuria iwe moja kwa wote. Mkimpikia baba chake peke yake atajiona amefungwa, na nyie wenyewe watoto wa mtu mwenye presha mnahitaji chakula hichohicho.

Maji ya kunywa msimpunguzie kwa kubahatisha. Kama daktari amempangia lita moja na nusu, jazeni chupa asubuhi. Akinywa chai, uji au mchuzi, mwageni kiasi kama hicho kutoka kwenye chupa, ili kinachobaki ndicho anachoruhusiwa.

Mwisho, fungua mfuko wake wa dawa, zitoe zote. Ukikuta diklofenaki au ibuprofeni anazonunua dukani kwa ajili ya magoti, ziondoe. Dawa hizo zinashikilia maji, na zinapambana moja kwa moja na zile za moyo. Kwa maumivu ya kawaida atumie parasetamoli. Na siku akishindwa kupumua hata akiwa amekaa kimya, akikohoa povu lenye wekundu, akizirai au kifua kikimbana, ni hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana.

SWALI: Habari za kazi Sista. Mimi ni msichana wa miaka 26, natokea Newala. Mwaka jana nilibadilishiwa vali ya moyo, ule mlango wa kupitishia damu, nimewekewa ya chuma, na natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Majirani wameniambia nikila mboga za majani nitakufa, kwa hiyo nimeacha kabisa kisamvu na mchicha, nimekonda. Halafu Desemba naolewa, na upande wa mwenzangu wanataka mjukuu haraka. Nikishika mimba naweza kuacha hiyo dawa?

Hongera kwa uchumba, mdogo wangu, na hongera kwa kupona. Kabla Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete haijaanza kazi pale Muhimbili mwaka 2015, wengi wenye tatizo kama lako walikuwa wakisubiri nafasi ya kupelekwa India, na si wote waliofikia zamu yao. Umepata vali. Sasa tuilinde.

Swali la mwisho nalijibu kwanza kwa sababu ndilo la hatari: usiache warfarini kwa uamuzi wako, hata kwa siku chache, hata ukiwa na mimba. Damu inapogusa vali ya chuma hutaka kuganda. Bonge likikaa kwenye vali, vali inakwama. Likichomoka, linaweza kwenda kichwani ukapooza. Lakini ni kweli pia kwamba warfarini inamfikia mtoto tumboni, na wiki ya 6 hadi ya 12 ya mimba ndiyo inayoweza kumwachia ulemavu. Kwa hiyo mama mwenye vali ya chuma hashiki mimba kwa bahati. Anaipanga. Daktari wa moyo na daktari wa uzazi wanakaa pamoja wanaangalia unatumia kiasi gani cha dawa, kwa sababu dozi isiyozidi miligramu 5 kwa siku ina hatari ndogo kwa mtoto kuliko dozi kubwa. Wanaamua kama utahamia kwenye sindano za hepari, ambazo nazo huzuia damu kuganda, kwa kipindi fulani, na damu yako itapimwa mara ngapi. Wanaangalia pia moyo wenyewe kama unaweza kubeba mimba. Kikao hicho kifanyike kabla ya Desemba.

Mpaka hapo, tumia uzazi wa mpango. Vile vidonge vya kila siku vyenye homoni mbili havikufai, vinaongeza kuganda kwa damu. Kijiti cha mkononi kwa kawaida kinafaa, ila mweleze anayekiweka kwamba unatumia warfarini. Na hedhi ikichelewa, pima mimba siku hiyohiyo. Usisubiri kuona mwezi wa pili.

Nina neno kuhusu hao wakwe. Mafunzo ya warfarini tunawapa nyie mabinti siku ya kutoka wodini, kichwa kimejaa, kidonda kinauma, na gari la kurudi nyumbani limeshafika. Atakayedai mjukuu hakuwepo. Ndiyo maana nakuomba uende kliniki na mchumba wako kabla ya ndoa, asikie mwenyewe kutoka kwa mtaalamu. Mzigo wa kumweleza mama yake aubebe yeye. Mwanaume aliyeelezwa vizuri anakuwa ngao, nimewaona wengi.

Sasa mboga. Majirani wamesikia nusu. Kisamvu, mchicha, tembele na majani ya maboga vina vitamini K, na vitamini hiyo inapunguza nguvu ya warfarini. Kinachovuruga ni kubadilikabadilika: wiki hii sahani nzima kila siku, wiki ijayo hakuna kabisa. Kula mboga, kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, na daktari atapanga dozi kufuata chakula chako. Kwa kuwa ulishaacha, usianze tena kimyakimya. Waambie kliniki unaanza kula, kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kirudiwe baada ya wiki moja hivi. Mtu asiyetumia dawa hii anasoma karibu 1. Wenye vali ya chuma wengi hutakiwa wawe kati ya 2.5 na 3.5, ila namba yako hasa iko kwenye kadi yako. Iombe uonyeshwe, ikariri. Mgonjwa anayejua namba yake hapotei.

Meza jioni, saa ileile kila siku. Ukisahau ukakumbuka kabla ya kulala, meza. Ukikumbuka kesho yake, iache iliyopita, usimeze mbili. Na uwe mwangalifu mno kwenye duka la dawa. Tumbo likisokota, mtu anakukatia Flagyl bila kuuliza. Dawa hiyo, pamoja na Septrin, inapandisha nguvu ya warfarini hadi mtu akatoka damu puani, kwenye mkojo, tumboni. Sema kwanza, kabla hujataja kinachokuuma: "Mimi natumia warfarini." Mitishamba iache, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo kinafanya nini kwenye damu yako.

Fizi zikivuja, choo kikiwa cheusi tii, hedhi ikizidi kawaida yake, au ukianguka ukagonga kichwa, nenda hospitali. Na kuna hili ambalo wengi hawaambiwi: ule mlio mdogo wa vali unaousikia usiku nyumba ikitulia, uzoee. Siku ukififia au ukipotea, na pumzi inakuwa fupi, ondoka hapo hapo. Huenda vali inakwama.

SWALI: Sista, mtoto wangu wa miaka 11 alivimba magoti na viwiko mwaka juzi, ikagundulika vali ya moyo imeguswa. Kila mwezi anachomwa sindano ya penisilini. Sasa anacheza mpira, hana shida yoyote, na siku ya sindano analia tangu asubuhi, roho inaniuma. Tukiacha itakuwaje? Mama B., Sengerema.

Mama B., anacheza mpira kwa sababu anachomwa.

Yote yalianza na koo. Kuna bakteria wanaoleta maumivu ya koo kwa watoto, na wasipotibiwa, kinga ya mwili wa baadhi ya watoto huchanganyikiwa ikashambulia viungo na vali za moyo. Viungo vinapona, vali inabaki na kovu. Kila koo jipya likija, kovu linaongezeka. Sindano haiondoi kovu lililopo. Inazuia koo jingine lisipate nafasi. Ukiacha, hutaona kitu mwezi wa kwanza wala wa tatu, na ukimya huo ndio unaodanganya wazazi. Utamwona siku moja anashindwa kumaliza kipindi cha kwanza cha mpira, na hapo tunazungumzia upasuaji.

Kwa kawaida sindano huendelea angalau miaka 10 au hadi mtoto afike miaka 21, chochote kitakachokuja baadaye. Walioharibika vali sana huendelea hadi miaka 40 au zaidi. Najua ni mzigo. Kwa hiyo tupunguze maumivu, maana hilo linawezekana.

Dawa yenyewe ni nzito na mara nyingi imetoka kwenye friji. Mwombe muuguzi aishike kiganjani dakika chache ule ubaridi upungue. Aache spiriti ikauke kabisa kwenye ngozi, abonyeze kwa gumba mahali pa kuchoma sekunde 10 kabla ya sindano, kisha asukume dawa polepole sana. Kuna wanaochanganya na dawa ya ganzi. Uliza kama hapo kwenu wanafanya hivyo. Mtoto awe amekula na kunywa maji, alale, asichomwe amesimama, na mbaki kituoni nusu saa. Akirudi nyumbani atembee, umwekee kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kama ameshawahi kuzirai, au vali yake imeharibika sana, mwambieni daktari kabla ya sindano, kwa sababu wapo wanaofaa zaidi kupewa vidonge.

Hesabuni siku 28, msifuate tarehe ya mwezi. Mwezi wenye siku 31 unawaibia siku 3, na siku za mwisho kinga inakuwa imeshuka. Kalenda mpe yeye mwenyewe aweke alama. Ana miaka 11, muda si mrefu ataenda sekondari, pengine ya bweni, na hapo ndipo tunapowapoteza watoto hawa: kadi inabaki kwa mama kwenye kabati, matroni hajui lolote, mtoto anaona aibu kuomba ruhusa ya sindano. Aanze sasa kusema ugonjwa wake kwa jina (moyo wa rumatiki) na tarehe yake ya sindano bila kukutazama wewe. Na apige mswaki asubuhi na usiku, kwa sababu wadudu wa jino bovu wanaweza kupanda na damu wakakaa kwenye vali hiyohiyo.

Wadogo zake wanaolala naye wakiumwa koo na homa, usiwanyweshe chai ya tangawizi tu. Wapeleke wakapimwe.

SWALI: Naona aibu kuuliza kliniki. Nilipata shambulio la moyo wiki nane zilizopita, nina miaka 52, naishi Temeke. Nina dawa ya kuweka chini ya ulimi. Je, naweza kurudi kwenye tendo la ndoa? Rafiki amenipa vumbi la Kongo.

Kaka, swali hili linaulizwa na wanaume wachache sana na kuwazwa na wote. Wake zao pia wanaliwaza, wengine wanahamia chumba cha watoto kwa hofu ya kumuua mume. Kwa hiyo tulizungumze.

Kama unapanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida, na kifua hakibani wala pumzi haikatiki, na daktari amekuona moyo umetulia, kwa kawaida inaruhusiwa. Usianze ukiwa umeshiba sana, umekunywa pombe au umechoka. Kifua kikibana, acha.

Vumbi mrudishie rafiki yako. Hakuna anayejua kilichomo, na dawa za nguvu za kiume zikikutana na ile ya chini ya ulimi zinashusha presha ghafla hata mtu akafa. Hii ni pamoja na vile vidonge vinavyouzwa dukani: ukimeza sildenafili, ile ya chini ya ulimi usiiweke ndani ya saa 24, na ukimeza tadalafili, ndani ya saa 48. Ukiwa umetumia chochote cha namna hiyo na kifua kikabana, usiweke kidonge chini ya ulimi; nenda hospitali na useme ukweli ulichomeza. Sisi hatushangai, tunahitaji kujua tu.

Nguvu zikiwa zimepungua, inaweza kuwa moja ya dawa zako za moyo, na daktari anaweza kuibadilisha. Ukiiacha kimya kimya, shambulio la pili linakaribia.

Na dawa ya chini ya ulimi itumie ukiwa umekaa, usisimame. Dakika 5 zikipita maumivu yako palepale, tafuna aspirini ya miligramu 300 kama huna mzio nayo wala hutoki damu, na safari ya hospitali ianze. Mke wako ajue haya yote, na ajue dawa iko wapi.

SWALI: Dada, mimi ni muuguzi mpya Singida, nimepangiwa kliniki ya presha na moyo. Foleni ni ndefu, nina dakika chache sana kwa kila mtu. Nawaeleza vizuri, wanaitikia, mwezi ujao wanarudi vilevile. Nakosea wapi?

Karibu kazini, mdogo wangu. Barua yako imenigusa kuliko zote, kwa sababu umeona tatizo mapema na bado unajali.

Usiulize "umeelewa?" Hakuna Mtanzania atakayemjibu nesi "hapana". Ni adabu, kwa hiyo wote wataitikia. Uliza hivi: "Ukifika nyumbani wakikuuliza nesi amesema nini, utawajibuje?" Halafu nyamaza. Usimmalizie sentensi. Atakachosema ndicho alichoelewa, na mara nyingi utashtuka: umesema apunguze chumvi, yeye amesikia aache chumvi mbichi na kwamba iliyopikwa haina neno. Rekebisha hilo moja, arudie tena.

Kisha mwambie atoe dawa zake mezani, zote, akuonyeshe kwa mikono yake anazomeza asubuhi. Utakuta pakiti mbili za dawa moja kutoka vituo viwili zenye majina tofauti, anameza zote. Utakuta chupa ya mizizi. Usikemee. Mgonjwa aliyekemewa mara moja haleti tena ile chupa, na hapo umekuwa kipofu. Asiyejua kusoma mchoree jua na mwezi kwenye boksi la dawa kwa kalamu ya wino.

Fundisha jambo moja kwa siku moja. Leo uzito, mwezi ujao chumvi, unaofuata dalili za kukimbilia hospitali. Muulize nani anapika, na umwite huyo aje tarehe ijayo. Mzee wa miaka 70 ukimfundisha mapishi umepoteza muda wako na wake. Ile saa wanayosubiri kwenye benchi itumie pia. Mwombe mgonjwa aliyetulia aeleze anavyofanya kwake. Watamsikiliza kuliko mimi na wewe.

Hata kupima presha ni mafunzo. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono umelazwa usawa wa moyo, nyote wawili kimya. Kisha mpe namba yake kwa sauti, na mwezi ujao muulize kabla hujampima: "Mara ya mwisho ilikuwa ngapi?"

Kwa wanaolazwa, usingoje siku ya kuruhusiwa. Anza siku ya pili anapoweza kuzungumza, mpeleke kwenye mizani mwenyewe, na mpe kalamu aandike yeye.

SWALI: Nimeanzishiwa enalaprili kwa presha. Mwezi wa pili sasa nakohoa kikohozi kikavu, kinawasha koo, usiku silali. Nimepimwa kifua kikuu, sina. Nimekunywa dawa za kikohozi chupa tatu. M., Kigoma.

Chupa ya nne usinunue. Dawa za kundi hilo, pamoja na kaptoprili, huwaletea watu wengi kikohozi cha namna hiyo. Hakiharibu mapafu, lakini hakitaisha ukiwa unaendelea kuimeza. Usiiache mwenyewe ukabaki bila dawa ya presha. Rudi kliniki wiki hii na pakiti yake mkononi, waeleze, watakubadilishia. Wengi huhamishiwa losartani. Ukishabadilishiwa, kikohozi huisha ndani ya wiki 1 hadi 4, mara chache huchukua muda zaidi. Ila midomo, ulimi au uso vikivimba, hiyo si ya kusubiri kliniki: usimeze kidonge kingine, nenda hospitali papo hapo. Na kama wewe ni mwanamke ambaye huenda ukashika mimba, waambie, kwa sababu enalaprili na losartani zote mbili hazifai kwa mjamzito, na ipo ya kukufaa.